Kumi na Nane juu ya Ishirini

Ndugu zangu, siye wa avenue yetu tumeua frigo ya mutu kwa kuipenda.

Musicheke kwanza. Ilitokea hapa hapa Bunia, na mwenye frigo ni Adeline, yule mama wa samaki.

Adeline alikimbia vita kule Bule na watoto watatu na sufuria moja. Miaka mine ametembeza beseni kichwani mpaka akapata hiyo frigo. Sasa Mama Bénédicte, anayeozesha binti yake, akamwagiza kapitene, wale samaki wakubwa wa ziwa, wabichi kutoka Tchomia, kilo mia nzima, harusi Jumamosi.

Hapa kwetu ukiharibu harusi ya mutu, hata mutoto wako akienda kuomba chumvi kwa jirani ataambiwa imeisha. Adeline alilijua hilo.

Shida ni umeme. Ule wa waya za barabarani unakuja ukipenda, unaondoka bila kuaga. Muzee Fulgence, jirani, alikuwa na groupe yake, jenereta ya mafuta. Inanuka, inapiga kelele, lakini ukivuta kamba inaamka. Akamwambia atamvutia waya, yeye alete mafuta tu. Adeline alitaka kukubali palepale.

Ndipo akaingia Hippolyte.

Hippolyte ni mudogo wa marehemu bwana ya Adeline. Aliwahi kufanya kazi miezi saba na shirika moja la misaada. Shirika likaondoka, likamwachia kizibao chenye mifuko minane. Mpaka leo hakivui, hata kanisani.

« Shemeki, hatuchague courant kama vile tunachagua majani ya sombe sokoni, » akasema. « Tunafanya évaluation. »

Ukimkatalia shemeji, ukoo mzima utasema unamudharau marehemu. Adeline akamletea kiti na meza.

Basi wiki nzima tukamuona Hippolyte na makaratasi. Groupe ya Fulgence: barabara ikifungwa mafuta yanapanda bei, akaipa tisa juu ya ishirini. Waya za barabarani, sita. Panneau za jua na betri: ghali kununua, lakini jua ni la Mungu, halileti bili. Hatari akaziandika zote, mawingu, wezi, radi, mpaka risasi ya kupotea. Nimupe haki yake: betri alizochagua zilitosha frigo moja usiku na mchana, hata mvua ikinyesha.

Ikabaki safu ya mwisho, kukubalika na jamii. Akapita nyumba kwa nyumba kutuomba pointi. Panneau zikapata tano juu ya tano kila mahali. Ripoti ikatoka kurasa ishirini na nne, picha yake mwenyewe mbele. Jumla, kumi na nane juu ya ishirini.

Zamu ya likelemba, ile pesa ya kuchangiana, ambayo Adeline aliingoja mwaka mzima, ikanunua panneau, ikaishia juu ya bati.

Alhamisi asubuhi samaki wakafika. Frigo ikaunguruma vizuri. Adeline akaenda sokoni na moyo mweupe, Hippolyte akabaki kulinda.

Ijumaa asubuhi Adeline akafungua frigo. Maji matupu. Samaki wamelegea, hakuna hata punje ya barafu. Akakaa chini akalia kama amefiwa tena.

Alipoinua macho akaona nyuma ya mlango multiprise ya matundu mengi ya umeme imechomekwa kwenye multiprise, nayo kwenye nyingine. Simu arobaini na moja. Mashine ya Lucien kinyozi. Na pasi ya kwaya, ambayo tangu jana ilikuwa inanyoosha nguo za harusi ile ile.

« Hippolyte, hii iko nini? »

Akajikuna kichwa. Ikabidi aseme. Zile tano juu ya tano hazikutoka hivi hivi. Kila nyumba aliyopita, aliahidi kwamba panneau zikifika watu watachaji bure.

« Sasa ningewakatalia namna gani? » akauliza. « Iko ndani ya rapport. »

Adeline akafuta machozi, akanusa samaki mmoja mmoja. Walikuwa bado wazima, hawajaoza. Akakumbuka wamama wa Tchomia ambao hawana frigo, wanakausha kwa moshi, na samaki wao wanafika mbali. Akatuita, tukapanga mapipa na waya wa kukaushia. Lakini kuni zilikuwa zimelowa, zikakataa kushika moto.

Akaingia ndani, akatoka na ripoti.

Kurasa zote ishirini na nne zikawaka vizuri sana. Ndiyo mara ya kwanza kazi ya Hippolyte ilitoa nishati.

Jumamosi harusi ikala samaki wa moshi. Mama Bénédicte alinuna mpaka mkwe wake alipoomba sahani ya pili.

Leo frigo inakunywa kwa groupe ya Fulgence, panneau zinachaji simu, na kila simu inalipa. Hippolyte anaandika ripoti nyingine.

Mimi nimejifunza hivi: kabla ya kuuliza kama jua litawaka, jiulize ni majirani wangapi hutaweza kuwaambia hapana.

Na musinitazame hivyo. Mimi pia nilitoa tano juu ya tano, na Alhamisi ile simu yangu ilijaa mpaka asilimia mia.