Kaktasi ya Mama Regina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bustani ya nyumba ya wageni hapa Nchelenge, kando ya ziwa linalotutenganisha na Kongo, Msimamizi wa Bustani alininyang'anya debe la kumwagilia. Alikuwa mkali kama pilipili, nami nilimpenda.

"Angalia hii," alisema, akinionyesha kaktasi ya mviringo. "Haina majani. Tumbo yake yote ni mayi. Mutu ameshiba, na wewe unamulazimisha kunywa?"

Ndiye aliyenifundisha kuisoma. Mbavu zake hutanuka ikinywa, husinyaa kiangazi. Miiba huota kwenye vimto vidogo vya manyoya juu ya kila ubavu, na maua hutokea utosini. Tuliipanda ndani ya chungu, kwenye mchanga wa ziwani wa chembe kubwa, tukachanganya changarawe na mboji kidogo. Mvua zikianza, tulikuwa tukiiingiza chini ya paa. Baadaye nilihamishiwa shule moja ya Puta. Mwalimu Mkuu alitaka maua mekundu tu, basi kaktasi nilizokuja nazo nikazificha nyuma ya jiko.

Nilimalizia kazi kwenye kitalu cha miche karibu na kambi ya wakimbizi ya Kenani. Huko Mama Regina, mkimbizi kutoka Kongo, aliniletea kaktasi aliyovuka nayo ziwa ndani ya sufuria. Marehemu mume wake ndiye aliyeipanda, na nyumba yao ilikuwa imeungua. Hakubakiwa na kitu kingine cha mkono wa mumewe.

Chini ilikuwa imeoza, inanuka. Jirani yake, Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, mke wa mvuvi, alikuwa akiimwagia maji ya kuoshea samaki, kama anavyofanya kwa maboga yake.

"Nilitaka tu inenepe," alisema huku analia.

"Papa, usinifiche," Mama Regina aliniuliza. "Itapona?"

"Sijui, mama. Tukate kwanza."

Nilikata na kukata, nikipangusa kisu kila mara, hadi nyama ikawa safi bila doa. Kilibaki kipande cha utosi, kama ngumi. Nikapaka kidonda jivu, nikaeleza kwamba lazima kikauke penye upepo wiki kadhaa, bila tone la maji. Nikajitolea kukitunza.

Mama Regina akakataa. Akamgeukia jirani yake.

"Weye uko na kichanja ya kukaushia samaki. Kiweke kule. Weye mwenyewe njo utakichunga."

Nilitaka kupinga, lakini kitu kilikuwa chake. Bana Chanda alikipokea kwa mikono miwili.

Mizizi ilipochomoza, alinijia mbio, pekupeku, akaninyooshea kile kipande.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kazi ilinifundisha nini. Ya mchanga na mbavu nawaeleza vizuri. Lakini kumkabidhi kitu chako cha mwisho yule aliyekiharibu, hilo mimi, mpaka leo, sidhani ningeliweza.