Sauti ya Wazima-Jua

Malith Aguer hakuwahi kushika bunduki, lakini kambi nzima ya wakimbizi ya Kakuma iliijua sauti yake. Mchana alikuwa mkalimani wa zahanati kambini. Jioni alisimama kando ya televisheni katika kibanda cha video cha Lokol, akizigeuza filamu za Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Lokol, Mturukana mwenye jenereta, alisema bila Malith watu wangekuwa wanatazama midomo tu.

Mwaka 1996 Lokol alileta kanda mpya kutoka Lodwar. Ilikuwa habari ya Wazima-Jua, wapiganaji wenye vinyago vya chuma waliozunguka angani wakizima jua moja baada ya jingine, ili kila sayari iliyoachwa gizani iwapigie magoti kuomba mwanga. Mkuu wao alikuwa na desturi ya kutafuta vijana yatima na kuwanong'oneza wamfuate.

Malith aliitazama kanda ile kwa hasira. Manong'ono yale aliyajua! Ndivyo walivyosema wale watu waliokuja kambini kimyakimya kuchukua vijana wakapigane ng'ambo ya mpaka, huku wana wao wenyewe wakisoma ughaibuni. Akaamua: atamtia mkuu wa Wazima-Jua mdomoni maneno yao hasa, ili vijana wawatambue na kuwazomea.

Jioni ile kibanda kilijaa hadi mlangoni. Kinyago kilipomwinamia kijana aliyepiga magoti, Malith aliishusha sauti.

"Mwanangu, nani alimzika mama yako? Utapanga foleni ya mahindi ya msaada hadi lini? Hasira yako ni ng'ombe wako. Mbona unawaacha wafe njaa zizini?"

Akangoja mazomeo. Yakaja makofi.

"Rudisha hapo! Lokol, rudisha!"

Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Kon, kaka pekee aliyesalia wa Yar, mkewe Malith.

Njiani kurudi nyumbani Malith alimshika bega. "Kon, yule ni mwovu. Hukuona anavyozima jua?"

"Nimeona, shemeji. Lakini hapa kambini ni yeye tu aliyeuliza habari ya mama. Nyinyi mnasema tusamehe, tusome, tungoje. Tungoje nini?"

Malith akaliachia bega lake.

Wiki haikuisha. Kon alipanda lori la kwenda Lokichoggio, mpakani, akaacha blanketi lake limekunjwa vizuri mlangoni kwa dada yake.

Yar alikuwa hajawahi kuingia kibandani. Alikiita zizi la wavivu. Jumamosi alikuja. Lokol alikataa kiingilio chake. "Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturukana. "Pita tu." Akakaa benchi la mbele, katikati ya vijana.

Kinyago kilipomwinamia tena yule kijana, Malith alinyamaza.

"Tafsiri, mwalimu! Umemeza ulimi?" Watu wakacheka.

"Sema, Baba Ayen," Yar alisema. "Kama ulivyomwambia ndugu yangu. Usipunguze."

Akasema. Swali la kwanza lilitoka kwa shida, kisha sauti ikashika njia yake, tamu na nzito, kwa kuwa haikujua kufanya kazi vibaya. Nani alimzika mama yako?

Yar alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Akamgeukia mumewe, uso umelowa machozi, kana kwamba wako wawili tu.

"Hata mimi ningekwenda," alisema.