Rangi Nyekundu Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Nilipopata staji, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi ndogo inayofanya kazi na picha za setilaiti, mama aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba binti yake anakwenda kufanya kazi ya anga. Sikumsahihisha. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi huko Lubumbashi, na mimi mwenyewe nilikuwa na ndoto zangu za roketi. Nikarudi Kolwezi, kwenye nyumba yetu ya Kapata ambayo baba aliipata enzi za kazi yake mgodini, na asubuhi ya kwanza nikapanda pikipiki ya taksi-moto hadi ofisini, Manika, nikiwa nimevaa viatu vya ngozi.

Viatu havikumaliza wiki. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukoroga saruji.

Tulikuwa tukisimika kona za chuma: mabamba matatu yaliyounganishwa, kama pembe ya chumba iliyokatwa na kuletwa nje. Setilaiti inapita juu, inatuma mawimbi, na kona ile inayarudisha yalikotoka. Ikipita tena baada ya siku kadhaa, tunalinganisha. Udongo ukishuka hata kwa unene wa ukucha, tunajua. Kampuni moja ya mgodi ilitaka kujua kama kuta za shimo lake zinasogea, nasi ndio tuliopewa kazi ya kuziangalia. Msimamizi wangu, mhandisi wa makamo asiyependa maneno mengi, alinionyesha namna ya kuielekeza kona kwa dira, kisha akanikabidhi spana.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la mihogo alisimama kutuangalia.

"Iyo antene itashika televizio ya wapi?"

"Haishikake televizio, mama. Inasaidia satelite ione kama udongo inatembea."

"Udongo ya Kolwezi?" Akacheka. "Iyo inatembea tangu zamani. Inapandaka mu makamyo."

Mvua zilipochanganya nilihamia mezani, nikajifunza kusoma picha. Kijani ni ardhi iliyotulia, nyekundu ni ardhi inayoshuka. Asubuhi moja, nikikagua kingo za picha ambazo hakuna aliyetuomba tuzikague, niliona doa jekundu mbali na shimo, katikati ya nyumba za watu. Nilitambua paa kubwa la kanisa, nikatambua mahali reli inapokunja. Katika mtaa ule anakaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane, pamoja na kitindamimba wake na wajukuu.

Nilimwita msimamizi. Aliinama kwenye skrini.

"Pale haiko mu kazi yetu," alisema. "Sisi tunaangalia shimo."

"Tantine yangu anakaa pale, tata."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema huenda ni kosa la hesabu, au maji, au mabati mapya. Tungoje setilaiti ipite tena. Ilipopita, alirudia hesabu yeye mwenyewe, bila kunigusisha kompyuta. Doa lilikuwa limepanuka.

"Nenda kwanza kwa tantine yako," alisema.

Nilimkuta shangazi akichambua maharage barazani. Nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Nyekundu njo mubaya?"

"Njo mubaya, tantine. Udongo inashuka, hapa nyuma."

Badala ya kushangaa alipunguza sauti. "Uliambia nani?"

Hapo nikaelewa kwamba alijua. Nyuma ya jiko, katika uwanja wa jirani, palikuwa na turubai la buluu, na chini ya turubai kisima kikavu kinachoshuka kwenye madini. Binamu yangu, yule kitindamimba, alikuwa akichimba humo pamoja na vijana waliotoka Kasai na kwingineko. Aliitwa, akapanda juu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Yaya, bamekutuma?" aliuliza, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake.

"Hakuna mutu alinituma. Njia yenu ya chini inafika wapi?"

Aliutazama ukuta wa chumba cha nyuma, kisha akatazama miguu yake.

"Batoto banalalaka fasi gani?" nikauliza.

Shangazi alinyoosha kidole kwenye chumba kilekile cha nyuma.

"Iyo satelite yenu," alisema binamu, "inaonaka na vile tunakula?"

"Haionake," nilimwambia. "Inaona udongo tu. Lakini batoto balale fasi ingine."

Aliingia ndani akaanza kutoa magodoro.

Msimamizi alichapisha ramani, tukaipeleka pamoja kwa mkuu wa mtaa, ingawa hakuna aliyemwagiza. Mkuu aliikunja vizuri, akaahidi kuipeleka juu. Sikuona mtu aliyekuja. Basi nikapita mimi nyumba kwa nyumba. Wengine walishukuru. Mzee mmoja alinifukuza mlangoni, akisema nimetumwa ili wahamishwe na mgodi upanuliwe. Nilikasirika njia nzima, lakini nilipofika Manika hasira ilikuwa imeniisha. Ramani ileile, mikononi mwa mtu mwingine, ingeweza kabisa kufanya alichokisema.

Chumba cha nyuma kilizama alasiri moja ya mvua kubwa. Ukuta uliegemea upande, sakafu ikaingia chini na kiti cha plastiki na sufuria. Ndani hapakuwa na mtu, na kwa sababu ya mvua ile hapakuwa na mtu kisimani. Mama alilia kanisani kwa furaha. Mimi niliendelea kufikiria nyumba nyingine zilizo ndani ya doa lile, zenye watu waliosema watahama baada ya sikukuu.

Shangazi alikwenda Sandoa, kwa ndugu wa marehemu mume wake, akalime. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenye lori linalokwenda huko, alimpa nafasi mbele pamoja na wajukuu. Tulipakia mlango, mabati na masufuria. Binamu alifunga kamba, akashuka, hakupanda tena. Siku hizi anachimba mahali pengine. Nikimpigia ananiuliza habari za masomo, nami simuulizi anachimba wapi.

Nilipotetea ripoti yangu chuoni, mwalimu mmoja alitaka kujua kona zetu zinakosea kwa kiasi gani. Nilimjibu, akaridhika, nikapata alama nzuri. Picha ya mtaa ule sikuiweka. Msimamizi alikuwa ameniambia uamuzi ni wangu, na nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuiondoa kwenye ripoti, nikikumbuka maneno ya yule mzee aliyenifukuza mlangoni.