Bati letu liling'aa, mbegu zikawa kwa jirani

Marahaba wakuu. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana humu wengi wenu ni wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa Uyole. Naongea, mjukuu anachapa, kwa hiyo mkikuta Kiingereza ni chake. Haya yamenikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Miaka ya hamsini, nikiwa mke kijana, nyumba zetu zilikuwa za nyasi. Moto tulikoka humo humo ndani. Juu yake, kwenye fito za paa, tulitundika mahindi ya mbegu. Moshi unayakausha, mdudu hagusi. Msimu ukifika unashusha, unapanda.

Basi mwalimu wa kanisani akaezeka bati. Jumapili ibada ikiisha hakuna anayeongelea mahubiri, ni bati tu.

Mume wangu, Baba Tusa, roho ikamuuma hadi chakula hakipiti. Mwishowe akauza ng'ombe wetu wa maziwa, akaenda Mufindi kuchuma chai, akarudi na mabati.

Wakuu, liling'aa. Watu walikuja kulitazama tu, nami natembea kifua mbele. (Mjukuu anasema hiyo ndiyo status ya enzi zetu.)

Ila Baba Tusa akakataza moto ndani, eti moshi utalichafua. Nikawa napikia nje, na upepo wa Uyole mnaujua. Asubuhi za baridi bati linatoa jasho, matone yanatudondokea kitandani. Watoto wakanywa uji mtupu, maziwa yalikwenda na ng'ombe. Mgeni akija, tunamwambia hatujambo kabisa.

Mbegu nikaziweka kwenye gunia, kwenye kona.

Mvua zilipokaribia nikafungua. Mahindi ya juu yamebunguliwa, ya chini yameota ukungu. Nikakaa chini nikalia. Bila mbegu hakuna kupanda, na wanangu wangekula nini mwaka ule?

Baba Tusa akasema nisimwambie mtu, watatucheka.

Nikaenda hivyo hivyo kwa jirani yetu, Mama Ambwene, ambaye sisi tulikuwa tunamwonea huruma kwa nyumba yake ya nyasi. Nikainama mlangoni, macho yakazoea giza, nikatazama juu.

Paa zima mahindi. Meusi kwa masizi, yamepangwa safu kwa safu. Mpaka leo sijaona utajiri kama ule.

Kabla sijafungua mdomo akanyoosha mkono. "Yale ya upande wa mlangoni ni yenu. Toka mmeezeka sijaona moshi kwenu, nikajua mbegu hamtakuwa nazo."

Nikamuuliza mbona hakutuambia.

"Mwenzangu, Baba Tusa alikuwa na furaha mno. Ningeanzaje?"

Muda wote ule yeye anatutunzia mbegu kwenye moshi wake, na sisi tunamwonea huruma.

Nilipofika nyumbani Baba Tusa aliyatazama yale mahindi. Akaingiza mafiga ndani kwa mikono yake, akawasha moto. Hadi mvua zinaisha, bati limekuwa jeusi tii, na hakuna aliyekuja tena kulitazama. Tulilala na joto.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujanunua kitu ili watu wakuone, angalia kwanza kinakwenda kuzima nini ndani kwako.

Na ninyi je, nani aliwahi kuwatunzia kitu kimya kimya wakati mnamwona hana kitu? Andikeni, mjukuu atanisomea.