Buti za Betri Zilivyoniumbua

Mimi ni mtu wa Tanga, na baridi ya Joburg, Afrika Kusini, imenitia adabu. Wenzangu kazini Midrand waliponialika kupanda mlima wenye theluji, nilikwenda duka la wawindaji kutafuta buti zinazopasha miguu joto kwa betri.

"Kaka, umewahi kuzivaa?" aliuliza muuzaji, dada wa Kikenya.

"Mara nyingi tu, nikienda kuwinda," nikamdanganya.

Nikavaa, nikabonyeza kitufe, nikazunguka dukani nikitamba kwamba Jumamosi napanda mlima wenye theluji. "Eish, hizi ndizo! Miguu inaungua!" Wateja wawili wakaomba kama zangu.

Dada akainama, akafungua kifuko cha betri ubavuni mwa buti. Kitupu.

"Betri bado ziko kwenye boksi, kaka."

Duka zima likacheka. Nikatokwa jasho.

"Jumamosi nami napanda mlima huohuo," akasema dada akifuta machozi ya kicheko. "Twende wote, nitakufundisha."