Sayansi ya Anga Katika Rafu ya Vijana

Mimi ndiye mkutubi wa Same niliyekataa jarida la mpira, nikidai linapumbaza watoto. Badala yake nikachagua "Nyota Yako", kwa sababu jalada lilikuwa na mwezi na anga. Ndani sikufungua. Nikabandika karatasi kwenye rafu ya vijana: "Sayansi ya anga. Nimelisoma mwenyewe."

Jumamosi mchungaji akaleta watoto wa kipaimara kutoka milimani. Binti mmoja akalisoma, kisha akanifuata.

"Shikamoo, mwalimu. Hapa wanasema jirani ameiba nyota yangu, nikaoge maji ya chumvi njia panda ili nyota isafishike. Hiyo ni sayari ipi?"

Niliitikia marahaba. Mchungaji alikuwa ameinamia karatasi yangu, akiisoma polepole kwa sauti, mpaka kwenye "mwenyewe".