Salamu Nilizozikata

Miaka ile ya soko huria, vyuo vya watu binafsi viliota Mwanza kama uyoga, na kimojawapo kiliniajiri kufundisha kwa njia ya posta. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Wanafunzi wangu walikuwa Sengerema, Nansio na kwingineko ng'ambo ya maji. Miandiko yao niliijua, sura zao sikuzijua. Somo lenyewe, mtanisamehe, lilikuwa Mawasiliano na Mahusiano Kazini.

Sikuwa mvumilivu. Kila mmoja alianza zoezi lake kama anayemwandikia mjomba: shikamoo mwalimu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali, kisha habari za mvua na watoto, ndipo ashuke kwenye swali la kwanza. Mimi nina rundo mezani! Nilishika kalamu nyekundu, nikakata aya nzima bila kuisoma, na pembeni nikaandika: "Haihusiani na swali."

Aliyewapita wote kwa uwezo alikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi kule Nansio. Ghafla akanyamaza. Zoezi lake la mwisho lisipofika kabla ya mwezi kwisha, angefutwa na kupoteza mwaka mzima. Nilimwandikia mara mbili kumhimiza, asijibu. Iliniuma, maana alama zake nilijivunia kama zangu. Jumamosi moja nikapanda meli.

Nilimkuta uani kwake anapepeta mchele. Tulilingana umri, lakini alinipa shikamoo kwa kuwa ni mwalimu wake, akaniletea kiti. Hata sijakaa vizuri, nikaanza habari ya zoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na karatasi ya zoezi lililotangulia, lile nililokwisha kulisahihisha.

"Naomba usome hapa, mwalimu."

Chini ya mstari mwekundu maneno yalikuwa bado yanasomeka: mama yangu mzazi amefariki, tumemzika Jumanne, naomba uniwie radhi kama nimekosea mahali. Pembeni palikuwa na mwandiko wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Pole sana, dada. Kwa kweli sikusoma."

"Nimeshapoa," alisema. "Mimi nilidhani umesoma, ndipo ukakata."

Nikamwomba anieleze habari za mama yake. Alitumiminia chai, halafu akanieleza, ugonjwa ulivyoanza na walivyohangaika naye hospitali, mpaka chai ikapoa vikombeni. Nilipoaga kuwahi meli, alinipa bahasha. Zoezi la mwisho alikuwa amelimaliza siku nyingi, ila moyo wa kulituma hakuwa nao.

Nililifungua tukiwa katikati ya ziwa. Majibu yalikuwa mazuri kama kawaida yake. Lilianza na swali la kwanza, na juu yake hapakuwa na neno hata moja.